Jiwe lilivunjwa kwa saa moja, mrija ukanitesa wiki mbili

Kabla ya kulazwa nitolewe jiwe la figo nilimwuliza daktari maswali chungu nzima: leza inachoma? Nusu kaputi nitaamka nayo vipi? Nitalala hospitali siku ngapi? Kuhusu mrija sikuuliza hata moja, kwa sababu sikujua kama upo. Nilipozinduka nikaambiwa, "Jiwe limekwisha, tumekuwekea stenti." Stenti ndiyo huo mrija. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Saa mbili baadaye nilikwenda kukojoa, nikajikuta nimeshika ukuta kwa mikono miwili.

Ndiyo maana nimeona niandike. Matibabu ya mawe ya figo hayatishi kama watu wanavyodhani, ila yana sehemu zake ambazo husimuliwi mpaka zikukute.

Maumivu yenyewe sina haja ya kuyaeleza kwa aliyeyapata. Yanaanzia nyuma, chini ya mbavu, yanashuka hadi kinenani, na hakuna mkao unaoyatuliza. Unakaa, unasimama, unajilaza sakafuni, unatapika. Mimi nilichomwa sindano ya diklofenaki, nikapelekwa kwenye kipimo cha CT, kinachopiga picha za ndani ya mwili. Likaonekana jiwe la milimita 8, limekwama sehemu ya juu ya njia inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu.

Ukubwa na mahali lilipo ndivyo vinavyoamua utibiwe vipi. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hushuka lenyewe, wewe ukinywa maji na dawa za maumivu. Wengine huongezewa tamsulosini ya kulegeza njia. Likizidi milimita 10, kulisubiri lishuke ni kujidanganya. Langu lilikuwa katikati, lakini lilikuwa halisogei. Jambo moja tu halina kusubiri: ukiwa na jiwe kisha ukapata homa na kutetemeka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hapo mkojo uliozibwa umeingia vijidudu, na madaktari hutanguliza kuuzibua. Jiwe watalishughulikia baadaye.

Nilianza na mawimbi ya mshtuko, yanayopiga jiwe kutoka nje ya mwili ili livunjike. Mtambo wa aina hii ulitumika kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1980, mjini Munich, Ujerumani, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuna kuchanwa wala kuingiziwa kitu. Unalala, kitu kama mto uliojaa maji kinagusana na ubavu wako, kisha mapigo yanaanza: tak, tak, tak, kama mtu anakuvutia mpira wa manati na kuuachia kwenye ngozi ile ile. Mapigo ni maelfu, na shughuli nzima ilichukua karibu saa moja. Nilirudi nyumbani siku ile ile na kichujio cha kukojolea, nidake vipande. Mkojo ulikuwa mwekundu siku mbili, ubavu ukavilia damu. Vipande sikudaka hata kimoja. Eksirei ya wiki mbili baadaye ilionyesha jiwe liko pale pale, zima. Mawe mengine ni magumu, mapigo hayayawezi. Muulize daktari mapema kama kipimo chako kinaonyesha ugumu wa jiwe. Na kama una mimba, njia hii haifai. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema kabla hujapangiwa siku.

Basi ikaja leza. Kamera nyembamba inapitishwa kwenye njia ya kawaida ya mkojo, inapanda hadi kwenye jiwe, na leza inalisaga. Mimi nililala, nikaamka, kwisha. Mgonjwa wa kitanda cha jirani jiwe lake lilipita sentimita 2, hivyo alitobolewa tundu dogo mgongoni na vifaa vikapitia hapo hadi kwenye figo. Alikuwa na mfuko wa mkojo uliotokea mgongoni, na mimi nikamwonea huruma. Usiku ule yeye alikoroma. Mimi nilikwenda chooni mara tisa.

Stenti ni mrija laini wa plastiki, urefu kama wa rula, ncha zake zote mbili zimejikunja: moja inakaa kwenye figo, nyingine kwenye kibofu. Huwekwa kwa sababu njia iliyopitishwa vifaa huvimba, na ikivimba bila mrija, mkojo utaziba upya. Kazi yake ni nzuri, tabia yake mbaya. Ile ncha ya chini inakitekenya kibofu, kwa hiyo unahisi mkojo hata ukiwa umetoka kukojoa sasa hivi. Na ukikojoa, mkojo kiasi unarudi juu kupitia mrija hadi kwenye figo. Hapo ndipo ubavu unapochoma. Nilijifunza kutokujikamua, niuache utoke wenyewe. Nikitembea sana mkojo unakuwa mwekundu, nikipumzika na kunywa maji unang'aa. Tamsulosini ilinisaidia hapa pia.

La muhimu kuliko yote: usitoke hospitali bila tarehe ya kuitoa, imeandikwa. Watu hupata nafuu wakaisahau, na stenti iliyosahaulika miezi mingi huota mawe juu yake. Unakuwa umerudi ulikotoka, tena kwa upasuaji mkubwa zaidi.

Yangu ilitolewa wiki mbili baadaye nikiwa macho, kwa jeli ya ganzi na kamera ndogo. Dakika chache. Nilitoka natembea kwa miguu yangu, nafurahi. Jioni ubavu ukanibana kama siku ile ya kwanza, nikaapa kuna jiwe jingine. Nikapiga simu wodini, muuguzi akaniuliza kama nina homa. Sina. Akasema njia imezoea mrija, ukitolewa hubana kwa saa kadhaa. Nikameza dawa ya maumivu niliyoandikiwa, nikalala na chupa ya maji ya moto ubavuni, na kufika asubuhi yakawa yamekwisha. Kwa hiyo siku ya kutolewa stenti, hakikisha dawa ya maumivu iko nyumbani kabla hujatoka mlangoni.