Usianze na Upanga, Anza na Makaa

Hadithi yangu ya kwanza ya fantasia ilikuwa na upanga ulioshuka kutoka mbinguni. Rafiki yangu aliisoma, akanirudishia na swali moja la penseli pembeni: "Na ala yake nani kaishona?" Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwa mhunzi anayefua visu na majembe kwa springi za magari mabovu.

Nilidhani nitatekwa na nyundo. Wapi! Kila alipotoa chuma motoni alikigeuzia kwanza kivulini, akakikazia macho, ndipo akakilaza kwenye fuawe. "Juani rangi inadanganya," aliniambia. Kikiwa chekundu cha kiza, hakijafika. Kikifanana na chungwa lililoiva, fua haraka. Kikianza kurusha cheche nyeupe, ushakiunguza. Basi wahunzi wa dunia yangu nikawahamishia kwenye vibanda vya giza, na mtu anayeshinda gizani na moto, majirani hawatakosa la kumsema. Uchawi wa hadithi ukajileta wenyewe.

Kwa hiyo wewe unayebuni silaha, jiulize kwanza msitu uko wapi. Kuyeyusha mawe ya chuma kunakula makaa, na makaa ni miti. Ufalme wenye panga nyingi una vilima vyenye upara, na ugomvi wa kuni kabla ya ugomvi wa kiti.

Halafu futa ile sehemu ya chuma kumiminwa kwenye kalibu kama uji. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za selsiasi, chuma 1538, na tanuri la kienyeji la makaa kwa kawaida halikimimini. Linakupa bonge lenye matundu kama sifongo, limejaa takataka, la kupigwa na kupigwa tena mpaka litulie. Ukitaka kumimina, wape mashujaa wako shaba.

Mfano wangu mkubwa ni Wahaya wa Kagera. Mababu zao walikuwa wakifua chuma huko zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee waliombwa wajenge tanuri tena, maana kazi ilishakufa, majembe ya Ulaya yalikuwa rahisi mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 ulieleza kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri iliipasha hewa ya mivukuto kabla haijafika kwenye makaa. Mimi lakini nililala nikiwaza yale majembe. Katika dunia yako, nani kaleta chuma cha bei ya kutupa, na mhunzi aliyekosa kazi sasa anamfulia nani, tena usiku?

Na ukitaka silaha yenye siri, usihangaike na majoka ya watu. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili wa pwani, hakudhurika kwa silaha nyingine, ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Sindano tu, wala si upanga wenye jina refu.

Upanga wangu bado upo kwenye hadithi, ila haushuki tena mbinguni. Ala yake ni ngozi ya mbuzi, kaishona mama mkwe wa mhunzi, ambaye hamsemeshi mkwewe mpaka tanuri lizimwe.