Dada Jibu: Simu moja, watu wawili

SWALI: Dada shikamoo. Niko mwaka wa mwisho, nasoma kompyuta, na projekti yangu nimeamua iwe apu ya kusaidia watu wanaofanyiwa ukatili majumbani, maana nilikutana na ile ripoti ya WHO ya 2021 inayosema karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani ameshafanyiwa ukatili wa kupigwa au wa kingono maishani mwake, nikasema mi siwezi tena kutengeneza apu ya kuagiza chakula. Skrini zote nimeshachora. Ina kitufe kikubwa chekundu, ukikibonyeza inapiga polisi yenyewe na kutuma lokesheni, ina arifa kila siku za kumtia mtu moyo, na kujisajili ni jina kamili na namba ya simu. Nimeiita Sauti ya Mama. Mwalimu kaisifu sana. Ila rafiki yangu mmoja ambaye aliwahi kuyapitia haya mambo kaiangalia kama dakika moja hivi, akanirudishia simu akasema "hii mi nisingeiweka". Hakuongeza neno na mi nikaona aibu kumuuliza. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo rafiki yako kakujibu vizuri tu, ila kwa kifupi mno, ngoja nijaribu kumalizia.

We umechora ukiwa na mtu mmoja kichwani, simu yake, paswadi yake, faragha yake. Sasa kwenye nyumba ya namna hii simu moja inashikwa na watu wawili. Mmoja anaitumia na mwingine anaikagua, paswadi anaijua, pengine ndo aliyeinunua na akaunti ya Google aliifungua yeye, na usiku anapitia meseji moja baada ya nyingine. Huyo wa pili naye ni mtumiaji wa apu yako, utake usitake. Kwa hiyo kaa chini uzipitie skrini zako zote upya ukijifanya ni yeye.

Utaona jina na aikoni vinajitangaza vyenyewe. Hizo arifa ndo usiseme, yaani watu wako mezani wanakula, simu inawaka, "hustahili kupigwa, wewe ni jasiri", halafu we uko zako hosteli umelala. Toa arifa zote. Na kwenye Android kuna mpangilio wa programu unaitwa FLAG_SECURE, uweke, inazuia skrinishoti na inaficha ukurasa wako kwenye orodha ya apu zilizofunguliwa karibuni.

Najua utasema basi nitaificha ndani ya kikokotoo. Wapo waliofanya hivyo, wengine wamejificha kwenye habari, wengine hali ya hewa. Mi siipingi, lakini ukishaandika kwenye Play Store kwamba hiki ni kikokotoo cha siri cha wanaopigwa, kwani mume hajui kusoma? Halafu akaunti inaweka kumbukumbu ya kilichopakuliwa hata kama simu yenyewe ilishafutwa. Ndo maana ningekuwa wewe ningeanza na ukurasa wa wavuti wa kawaida, wenye kitufe cha kutoka haraka. Tovuti za serikali ya Uingereza wanacho, ukibonyeza Shift mara 3 unarushwa kwenye ukurasa mwingine usio na habari hizo. Ila mwambie mtu mapema na kwa lugha rahisi kwamba kitufe hakifuti historia ya brauza, maana wengi wataamini kimefuta.

Kwenye kitufe chekundu hapo tutagombana kidogo. Kupiga polisi bila kuulizwa ni kumnyang'anya mtu uamuzi, na huyu ameshanyang'anywa maamuzi ya kutosha. Mtoto akikibonyeza kwa bahati mbaya, polisi wakaja wakaondoka, nani anabaki naye ndani? Kipindi cha kuondoka ndo kina hatari kubwa kuliko vyote na saa nzuri na saa mbaya anaijua yeye, si simu. Mpe nafasi achague mtu anayemwamini na meseji ya kawaida kabisa waliyokubaliana, hata iwe "umepika nini".

Jina kamili unalitaka la nini? Mwaka 2020 watafiti wa usalama walikuta rekodi za sauti zaidi ya 4,000 za watu wakiomba msaada zimekaa wazi kwenye intaneti, zilitoka kwenye apu moja ya Marekani iliyojificha kama ya habari. Hakukuwa na hekaheka za wadukuzi, hifadhi tu iliachwa bila kufungwa. Usichokusanya hakiwezi kuvuja, basi. Na picha za majeraha zisikae kwenye galari ya simu.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu nenda ukaongee na watu wanaoendesha nyumba salama, zile wanakohifadhiwa waliokimbia ukatili, na usiijaribishe kwa mtu ambaye bado anaishi na anayempiga. Rafiki yako usimhoji. Mwambie tu umeirudia upya, akitaka kuiangalia iko.

SWALI: Dada, nimekuta apu nisiyoijua kwenye simu, imeandikwa kama kitu cha mfumo, na mume wangu siku hizi anajua kila nilipoenda. Niifute?

JIBU: Pole sana dada yangu. Usiifute leo. Ikifutika yeye ataona kimya na atajua umejua, na huo ushahidi nao unaondoka. Endelea kuitumia simu kwa mambo yako ya kila siku kama kawaida, ila mipango na mazungumzo ya msaada yafanyie kwenye simu ya mtu unayemwamini, ambayo mumeo hajawahi kuishika. Kama ni iPhone kuna kitu kinaitwa Safety Check kimekuja na iOS 16, ule mfumo wa iPhone wa mwaka 2022, kinakuonyesha nani anaona lokesheni yako na kukata, lakini ukikata naye anaweza kugundua, kwa hiyo ni cha siku ambayo umeshajipanga pa kwenda.

Jina lako nimelitoa. Na kama hili swali ulinitumia kwa simu hiyohiyo, usiniandikie tena kwa hiyo.