Uhamiaji na sheria: maswali yenu kutoka Manyoni, Nkuhungu na Kibaigwa

Barua za mwezi huu zimejibiwa na mawakili, wasaidizi wa kisheria na watu wa ustawi wa jamii wanaowahudumia wageni Dodoma bila malipo. Majina ya walioandika tumeyaacha.

Habari za kazi. Mimi ni mama lishe karibu na stendi ya Manyoni. Kijana wa Kihabeshi, nadhani ana miaka 16, alikuwa akinichotea maji nami nikimpa chakula, usiku analala jikoni. Juzi amekamatwa. Naogopa kumfuata wasije wakanigeukia na mimi. Nifanyeje?

Shikamoo mama. Woga wako una msingi, kwa kuwa kumficha mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria ni kosa. Kumpelekea chakula mahabusu si kosa. Ila usiende peke yako, na usiandike maelezo yoyote kabla hujazungumza na wakili. Tukuambie na hili mapema: kazi ya kutwa kwa ujira wa sahani ya ugali ni jambo utakaloulizwa, na jibu lake ni ukweli mtupu.

Kijana mwenyewe ana mambo matatu ya kuwahi. La kwanza ni jina. Wahabeshi hutaja jina lao, la baba na la babu, na anayeandika huandika alivyosikia. Ukiuliza kituoni kwa jina unalomwitia wewe, utajibiwa hayupo. Taja siku, mahali alipokamatwa na nguo alizovaa.

La pili ni umri. Akiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kesi yake isikilizwe katika Mahakama ya Watoto, na afisa ustawi wa jamii ahusishwe. Vijana wengi hujitaja kuwa na miaka 19 au 20 kwa sababu mtu wa magendo aliwafundisha hivyo njiani. Likishaandikwa kwenye hati ya mashtaka, kulibadili ni kazi ya wiki kadhaa. Umri ukibishaniwa, mahakama inaweza kuuchunguza, hivyo wakili aombe jambo hilo siku ya kwanza kabisa.

La tatu ni lugha, na hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Mahakama itatafuta mkalimani wa Kiamhari. Lakini wengi wanaopita njia hii ya kati kuelekea kusini wanatoka kusini mwa Ethiopia na lugha ya kwao ni Kihadiya au Kikambata. Kiamhari wanakijua cha sokoni tu. Kijana anasomewa shtaka, anatikisa kichwa, anajibu kitu kinachotafsiriwa "ni kweli", hukumu inasomwa. Aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hana rufaa dhidi ya hatia, isipokuwa kuhusu uhalali au ukubwa wa adhabu. Milango mingine ipo, lakini ni myembamba na inataka wakili aonyeshe kuwa kukiri kwenyewe hakukuwa kukiri.

Sisi tukifika tunauliza mengine pia. Alidaiwa na nani? Aliwahi kufungiwa nyumba, kupigwa, kufanyishwa kazi bila hiari? Majibu yakiwa ndiyo, huenda ni mhanga wa usafirishaji haramu wa binadamu kwa Sheria ya 2008, na mhanga hatendewi kama mkosaji. Aliyelipa ili avushwe tu ana kesi ya aina nyingine. Njia hii inaua: Juni 2012 zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa baada ya kusafirishwa ndani ya lori, hapahapa mkoani Dodoma.

Hata akimaliza kifungo hatoki siku hiyo. Anahitaji hati ya kusafiria kutoka ubalozi wa kwao na nauli ya kurudi, na wapo wanaoendelea kukaa gerezani kwa kukosa hivyo viwili tu. Ndiyo maana barua ya ubalozini iandikwe kesi ingali inaendelea. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) limekuwa likisaidia kuwarejesha makwao Waethiopia waliokwama hivi.

Mke wangu ni Mrundi. Nimemtolea mahari, tuna watoto wawili, tunaishi Nkuhungu. Muhuri wa kwenye pasipoti yake uliisha tangu mwaka jana. Mimi ni Mtanzania, si inatosha?

Haitoshi, ndugu. Ndoa haimpi mgeni ukaazi. Inampa sababu ya kuuomba. Na ndoa inayozungumziwa ni ile yenye cheti. Mahari iliyotolewa mbele ya wazee ni ndoa ya kimila na sheria inaitambua, lakini lazima isajiliwe ndipo karatasi ipatikane. Kuishi pamoja miaka miwili na zaidi huleta "dhana ya ndoa", nayo husaidia mkigombana mahakamani. Cheti haileti.

Ukishakuwa na cheti, kusanya pasipoti yake ikiwa hai kwa miezi 6 au zaidi, cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho chako cha NIDA, barua ya mwenyekiti wa mtaa, picha ndogo na vyeti vya watoto. Kisha vitandaze vyote mezani na usome majina herufi kwa herufi. Tuchukue mfano: pasipoti inasema Espérance Niyonzima, cheti cha ndoa Esperansi Niyonzima, cheti cha mtoto kinamtaja mama kuwa Esta Niyo. Kwako ni mtu mmoja. Kwa afisa aliye mbele ya kompyuta ni wanawake watatu, na faili linakaa. Pasipoti ndiyo kiongozi: vyeti vya hapa vinarekebishwa kuifuata, kwenye ofisi iliyovitoa. Hati ya kiapo kwa Kamishna wa Viapo inaeleza tu kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Cheti hairekebishi, ingawa wengi huuziwa kana kwamba inarekebisha.

Muhuri ulioisha msiutibu kwa kwenda mpakani Kabanga kugonga mwingine na kurudi siku hiyohiyo. Mfumo unaona. Nendeni Uhamiaji wenyewe, mkiwa na wakili na barua inayoeleza mlikaaje, kabla hajakamatwa. Hatuwezi kukuahidi kwamba hakutakuwa na faini au amri ya kuondoka. Tunachojua ni kwamba aliyejitokeza mwenyewe husikilizwa tofauti na aliyekutwa kwenye msako, na mtu akishapigwa PI, yaani kutangazwa mhamiaji asiyetakiwa, kumrudisha nchini ni safari ndefu.

Uraia ni hatua nyingine. Mwanamke aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba wakati wowote mume angali hai, chini ya Sheria ya Uraia ya 1995. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo. Yeye hufuata njia ya kila mtu: miezi 12 mfululizo nchini kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Sisi hatuoni haki katika tofauti hiyo, lakini ndiyo sheria iliyopo. Na kwa yeyote kati yao, uraia wa kwao unaachwa, kwa sababu Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima.

Ninanunua mahindi soko la Kibaigwa. Wapakiaji wangu wanne ni Warundi na wana muhuri wa miezi 6. Wanasema Afrika Mashariki ni moja. Kweli?

Ni moja kwa kuingia na kutembea. Kazi ni habari nyingine: mgeni aliyeajiriwa anahitaji kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, halafu kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Ni viwili, na kimoja hakisimami bila kingine. Tanzania imewafungulia wana Jumuiya fani za taaluma zilizoorodheshwa, na kubeba magunia hakumo. Msako ukija, na wewe mwajiri unashtakiwa.

Nimetoka Kongo kwa sababu ya vita, niko Dodoma wiki ya tatu. Kuna mtu anataka 300,000 anitengenezee "karatasi ya ukimbizi". Nimlipe?

Usimlipe. Huyo ni kishoka. Kuomba hifadhi ni bure, na msaada wa kisheria kwa Sheria ya 2017 nao ni bure, hata kwa asiye raia, mradi hana uwezo wa kumlipa wakili. Mtoa huduma halali ana cheti cha usajili, omba ukione. Ujue pia kwamba msaidizi wa kisheria haruhusiwi kukusimamia mahakamani, wakili ndiye anayeruhusiwa. Na ada yoyote ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, si kwa namba ya simu ya mtu.

Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataka ujitokeze ndani ya siku 7 tangu kuingia nchini, kwa afisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Umechelewa, hivyo njoo na maelezo ya sababu: ugonjwa, njia uliyopita, nani alikuleta. Tutaandika barua na kukusindikiza Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Tarehe utakazotaja kwetu ndizo utakazoulizwa kwenye usaili, kwa hiyo usiyokumbuka sema hukumbuki. Uwe tayari pia kupelekwa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa sababu mkimbizi haruhusiwi kuishi mjini bila kibali cha kutoka kambini.

Mimi na mume wangu sote ni wageni, mtoto kazaliwa hospitali hapa Dodoma. Atapata cheti?

Atapata. Kila kizazi kinachotokea nchini husajiliwa, wazazi wawe raia au wasiwe. Sajilini kabla siku 90 hazijapita, kwani baada ya hapo ushahidi unaodaiwa huongezeka. Tangazo la kizazi mlilopewa hospitalini msilipoteze, na kabla hamjatoka dirishani hakikisheni majina yenu yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti. Cheti hicho kinamwezesha kuandikishwa shule na kutambulika ubalozini kwenu. Uraia wa Tanzania hakimpi.