Jibu: Kikao cha wakutubi kinaishia kwenye ubishi wa Dewey

Habari ndugu, pole. Umesema kila mwezi kwenye kikao cha maktaba mnabishana Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, itupwe au ibaki na shelfu hazijaguswa. Na sisi shuleni tulikwama hapo hapo, huyu anasema mfumo wa kikoloni, yule anasema nyie hamjasomea ukutubi. Malalamiko yana msingi kabisa, mfumo ni wa 1876, Ukristo umejaza karibu 200 yote, yaani namba za dini, halafu Uislamu mzima umebanwa kwenye 297, na fasihi ya Kiswahili iko huko 896.392, namba haienei hata mgongoni mwa kitabu chembamba cha tamthilia.

Ila kwanza angalia nani kati yenu anakaa kaunta, anaona wasomaji wanakosa nini. Mimi nilichukua daftari, wiki 2 nikaandika kila mwanafunzi aliyeondoka mikono mitupu na alichokuwa anatafuta, wengi walitaka riwaya za Kiswahili tu. Kikaoni nikalisoma lote, siku hiyo hiyo tukahamishia riwaya karibu na mlango tukabandika lebo nyekundu, namba kwenye katalogi tukaziacha vilevile. Anayetaka mabadiliko zaidi mwambieni aandike shelfu ipi na lini. Maktaba ya chuo sijawahi kufanya kazi, naongelea ya shule.