Ekari mbili za mboga zinalisha familia? Kwanza andika saa zenu

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kama familia inaweza kuishi kwa ekari mbili za mboga, na kama hii kampeni ya "kula kilicholimwa karibu" ina maana au ni siasa tupu. Mimi na mume wangu tuna miaka tisa kwenye mboga, tunalima na watoto, kwa hiyo najibu nilichokiona.

Inawezekana, ila si kwa hesabu ya gharama uliyoweka kwenye swali lako. Umeandika mbegu, mbolea, maji na usafiri. Mikono ya nyumbani hujaiandika. Sisi pia hatukuiandika miaka minne ya kwanza. Tukiuza, kilichobaki tunakiita faida. Mpaka binti yangu mkubwa alipochukua daftari la shule lililobaki kurasa, akawa anaandika kila anayeingia shambani na kila anayetoka. Mama, kumi na moja alfajiri. Baba, mpaka giza. Yeye na mdogo wake, palizi, jioni mbili kwa wiki. Mwisho wa msimu tukagawanya kilichobaki kwa saa zile. Kibarua tuliyemweka wiki mbili kuchimba mfereji alikuwa ametuzidi wote kwa malipo ya saa. Mume wangu alilifunga daftari, akatoka nje bila kusema kitu.

Baadaye nikajua kuna mchumi wa Kirusi, Alexander Chayanov, aliyelieleza jambo hili tangu miaka ya 1920. Kaya ya mkulima haijilipi mshahara, kwa hiyo haiendi kwa hesabu za kampuni. Bei ikianguka, kampuni inapunguza watu au inafunga, lakini familia inaongeza saa. Ndiyo maana mashamba madogo hayafi hata pale wataalamu wanapoyachimbia kaburi. (Chayanov mwenyewe alikamatwa mwaka 1930, akapigwa risasi 1937 enzi za Stalin.) Tatizo ni kwamba kila anayenunua kwetu anajua tutaongeza saa, na bei anaipanga akijua hivyo.

Hakuna anayelijua hili kama dalali. Nyanya zikishachumwa hazina subira. Unafika nazo alfajiri, ngozi bado ina umande, anazitazama, anabonyeza mbili tatu, anakutajia bei, unakataa. Hagombani nawe. Anaenda kunywa chai. Jua likipanda, tenga la chini linaanza kutoa maji, nzi wanakuja, naye anarudi na bei ya chini kuliko ile ya kwanza. Sikumchukia, maana ndiyo kazi yake. Ila nilielewa kwamba ninachokosa ni mnunuzi aliyekwisha kuamua kununua kabla sijachuma. Hata ningeongeza ekari, hilo lingebaki palepale.

Hapo ndipo tukaingia kwenye vikapu vya mboga vinavyolipiwa kabla. Si ubunifu wetu: Wajapani walikuwa na utaratibu wao wa teikei miaka ya 1970, na Wamarekani wakaanza wa kwao mwaka 1986. Kaya zinalipa mapema, kila wiki zinapokea kilichoiva, na shamba likipata hasara wote mnaibeba. Tulianza na kaya 12. Tano zilijitoa baada ya kupata majani yaleyale wiki tatu mfululizo, na haki walikuwa nayo, nilikosea kupanga kitalu. Zilizobaki ndizo zilizotuvusha mvua ya mawe ilipotuchania bustani nzima.

Sasa siasa. Usimwambie mnunuzi kwamba anaokoa dunia kwa sababu tu shamba liko karibu. Utafiti wa mwaka 2008 kuhusu kaya za Marekani ulionyesha kwamba usafirishaji wote ni kama asilimia 11 tu ya gesi joto zinazotokana na chakula chao, na uzalishaji wenyewe asilimia 83. Pia acha ile takwimu inayozunguka kila mahali, kwamba wakulima wadogo wanalisha asilimia 70 ya dunia. Makadirio ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ya mwaka 2021 ni kwamba mashamba yaliyo chini ya hekta 2 yanatoa takriban asilimia 35 ya chakula, kwenye asilimia 12 hivi ya ardhi ya kilimo. Mimi naona hiyo inatosha kabisa kujivunia, hakuna haja ya kuongeza chumvi.

Siasa yenye maana ni ile ya nani ananunua kwa fedha za umma. Brazili ilipitisha sheria mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunulie kwa wakulima wa kaya, bila kulazimika kupita kwenye zabuni ya kawaida. Kipengele hicho cha zabuni ndicho kitamu. Sisi tulijaribu kuuzia shule moja. Mpishi alizitaka mboga zetu, lakini masharti yalidai gari la baridi na kiasi cha kila siku ambacho mashamba kumi kama letu yasingefikisha. Mboga zikatoka mbali. Ukiwa na muda wa kupiga kelele mahali, pigia hapo, usimlaumu mama anayenunua bei rahisi.

Kwako wewe: weka nusu ekari tu kwenye vikapu, kaya zisizidi kumi, sehemu nyingine endelea na dalali wako. Panda miche kidogokidogo kila wiki mbili, usipande yote siku moja. Na daftari la saa lianze leo, hata kama bado unasafisha shamba.

Kitu kimoja hujasema: maji ya kumwagilia unayatoa wapi? Kama ni mvua peke yake, usipokee hela ya mtu mapema mpaka utatue hilo.