Nikimuuliza kama anawaza kufa, sitampa wazo?

SWALI: Mimi ni mkulima wa tumbaku, Urambo. Binti yangu ana miaka 15, kidato cha pili. Wiki ya tatu sasa chakula anadonoadonoa, usiku hapati usingizi, na juzi alimwambia mdogo wake, "Mngepumzika bila mimi." Bibi yake anasema ni mashetani. Natamani kumuuliza, naogopa nisije nikampa wazo.

JIBU: Mama, pole sana. Muulize leo. Hofu hiyo hata walimu wanayo, lakini tafiti zimeonyesha kwamba kumuuliza kijana waziwazi hakumpi wazo la kujiua. Aliye nalo anapata pa kulitua.

Usimwite kama mtuhumiwa. Mkiwa mnachambua maharage, mwambie: "Mwanangu, naona huli, hulali. Umewahi kuwaza kufa?" Kisha nyamaza. Atakaa kimya muda mrefu. Usiujaze kwa mawaidha, wala usimwambie wewe ulipitia makubwa zaidi. Akikubali, mshukuru kwa kukuambia, umuulize kama amepanga namna au siku. Kama amepanga, asiachwe peke yake hata kidogo, na mfike hospitali siku hiyohiyo.

Kuna jambo hukuliuliza, nalo ndilo linaloninyima raha: dawa za kunyunyizia tumbaku. Nyumba nyingi za wakulima huziweka uvunguni. Zitoe leo, zifungiwe kwa kufuli mahali asipofika, ufunguo ubaki kwako. Vidonge vya bibi navyo vivyo hivyo. Hamu ya kujiua mara nyingi hupanda ghafla, kisha hushuka. Saa ile ikimkuta sumu iko mbali, mtoto anapona. Nakusihi, hili usilisogeze hadi kesho.

Dalili kama hizi zikidumu zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku, tunashuku sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona inatibika. Anzeni hospitali ya wilaya. Ikibidi watawapa rufaa kwenda hospitali ya Kitete, Tabora mjini. Akiandikiwa dawa, zinachukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Wiki za mwanzo mwangalie kwa karibu zaidi, na asiziache bila kumuona daktari.

Na bibi usigombane naye. Akitaka kumwombea dua, amwombee, ila safari ya hospitali isisubiri.

Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Binti anaweza kupiga mwenyewe, hata wewe unaweza.