Je, protini iliyokwisha kumeng'enywa itamsaidia mzee?

Ndugu, kwa ulivyoeleza, mzee anajaa gesi kila akila maharage au akinywa unga wa protini ya maziwa, nawe unataka kumnunulia ile iliyokwisha kumeng'enywa. Subiri kidogo. Gesi ya maharage hutokana na sukari zake, wala si protini. Na unga wa maziwa mara nyingi una laktosi, yaani sukari ya maziwa, kwa hiyo jaribu kwanza usio nayo.

Hiyo unayoiulizia ni protini iliyokatwakatwa kwa vimeng'enya kiwandani ikawa vipande vifupi, yaani peptidi, pamoja na asidi amino, vile vijenzi vidogo vya protini. Utumbo mwembamba hufyonza peptidi za asidi amino mbili au tatu moja kwa moja, kazi ya kongosho, kiungo kinachotoa vimeng'enya vya chakula, ikapungua. Inawafaa zaidi wenye kongosho dhaifu au waliokatwa sehemu kubwa ya utumbo, tena kwa usimamizi wa daktari. Hata hivyo, kwa kongosho dhaifu tiba kuu ni vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula, maana mafuta nayo hayameng'enywi vizuri.

Ladha yake ni chungu hasa, usishangae akiitema! Na ukimpa nyingi kwa mkupuo anaweza kuhara. Aanze na kidogo.

Ila kama anakonda, au choo chake kina mafuta na kinaelea, achana na unga, mpeleke akapimwe. Mwenye figo mbovu asiongeze protini yoyote kabla ya kumuuliza daktari.